Kipimo cha Nyumba ya Bi Mashavu

Raya Makame hakuwahi kumweleza mtu njia aliyopita kwenda Takribani, na aliporudi wengi walidhani ameisahau. Hakuisahau. Aliona tu kwamba njia haikuwa na ajabu yoyote ukiilinganisha na kule ilikoishia, na yeye kwa asili hakuwa msemaji. Akiwa na mambo mawili ya kusema huchagua moja, na hilo nalo hulisema kwa sauti ya chini.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, ametoka chuoni mwezi uliotangulia, na walimu wake wa kompyuta walimtuma kwa sababu moja. Ilisemekana kwamba watu wa Takribani hujua mapema kila kazi ya kompyuta itachukua muda gani. Chuoni kwao jambo hilo lilikuwa limewashinda. Ukitaka kuikompaili programu, yaani kuigeuza kutoka maandishi yaliyoandikwa na mtu iwe amri ambazo mashine inaweza kuzitekeleza, kompyuta hii humaliza kabla chai haijapoa, na ya jirani huendelea kuunguruma hadi ukaisahau. "Nenda ukaone wanajuaje," mwalimu wake alimwambia. "Andika kila kitu, hata usichokielewa."

Usichokielewa kilianzia mpakani.

"Utakaa muda gani?" afisa alimuuliza.

"Sijui bado. Inategemea nitakayoyaona."

Afisa aliweka kalamu chini. Watu waliokuwa nyuma kwenye foleni wakanyamaza, kama wanavyonyamaza watu mtoto anapotamka neno baya mbele ya wageni.

"Dada, fomu hii haina nafasi ya inategemea."

"Basi, labda siku kumi," Raya akanong'ona.

"Huko ni kubahatisha. Mimi nataka makadirio."

"Tofauti yake ni nini?"

"Makadirio yanasemwa kwa sauti kubwa."

Raya akasema siku kumi kwa sauti kubwa, masikio yakimwaka kwa aibu, na afisa akagonga muhuri kwa furaha ya kweli. Kompyuta yake ya mkononi waliishikilia pale mpakani. Walimweleza kwa upole kwamba haikuwa na ubaya wowote ila haikuwa na nyumba, na kompyuta isiyo na nyumba haina kipimo. Raya aliyaandika maneno hayo daftarini jinsi alivyoyasikia, akapiga mstari chini yake, akatia alama ya kuuliza.

Alipangiwa kukaa kwa Bi Mashavu, mshonaji wa sare za shule, mama mnene wa uso mpole aliyeongea na pini midomoni bila kuimeza hata moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, chakula kimeiva."

Hakikuwa kimeiva. Wali ulikuwa mgumu kama changarawe. Raya alitafuna punje tatu nne, akamtazama mwenyeji wake, ambaye naye alikuwa akitafuna kwa subira, jicho likiwa kwenye ubao mdogo uliotundikwa jikoni. Ubao ulisema: *Wali, dakika kumi na tano.*

"Mama, huu wali..."

"Umeiva, mwanangu. Dakika zake zimekwisha." Bi Mashavu akameza kwa shida. "Makaa ndiyo yalikuwa na unyevu kidogo leo."

Hivyo ndivyo Raya alivyojifunza sheria ya kwanza ya Takribani, ambayo watoto huikariri shuleni: muda uliotajwa ukifika, kazi imekwisha, muda usipofika, kazi haijaisha. Kesho yake alipokuwa akitembea mtaani aliona maana ya nusu ya pili. Kwenye baraza ya nyumba moja, familia nzima ilikuwa imekaa mbele ya kompyuta iliyokwisha kumaliza kazi yake tangu juzi. Kioo kilisema *tayari*. Walikuwa wanangoja hadi Alhamisi, siku waliyoitaja. Raya aliwauliza kwa nini wasiitumie programu yao. Mzee wa nyumba alimjibu kwamba wao si wezi.

Jambo la pili lilimchukua muda zaidi kulielewa, na hata baadaye hakuwa na hakika kama alilielewa. Katika nchi ile muda wa kukompaili hauhesabiwi kwa saa. Huhesabiwa kwa vipimo. Kila nyumba ina kipimo chake, nacho ni muda ambao kompyuta ya nyumba hiyo iliutumia kukompaili programu fulani fupi, ile ile kwa wote, inayoitwa Programu ya Kwanza. Programu nyingine zote zimeorodheshwa katika kitabu cha serikali: hii ni vipimo vitatu, ile ni vipimo ishirini. Unachukua kipimo cha nyumba yako, unazidisha, unapata jibu.

Raya alifurahi mno. Aliona ni akili safi kabisa, kwani kila mashine inajipima yenyewe na hakuna haja ya kubishana. Aliandika kurasa mbili kwa haraka. Kisha akauliza swali moja dogo.

"Na mtu akibadilisha kompyuta?"

Bi Mashavu akatoa pini mdomoni. "Vipi?"

"Akinunua nyingine. Anapima upya?"

"Kwa nini apime upya? Nyumba si ni ile ile?"

Akamwonyesha ukutani. Palikuwa na picha kubwa yenye fremu ya dhahabu, na ndani yake hapakuwa na mtu bali kompyuta, kubwa kama kabati, yenye vichakatuzi vinane, ndizo bongo zake za kufanyia hesabu. Ilikuwa ya marehemu baba yake, na ilikwisha kufa miaka kumi na minne iliyopita. Chini ya picha paliandikwa: *Dakika nne.*

"Dakika nne," Bi Mashavu alirudia, sauti ikilainika. "Mtaa mzima hakuna mwenye nne. Bombani nateka maji wa kwanza. Zahanati naingia wa kwanza. Kipimo kifupi ndiyo heshima ya mtu hapa, mwanangu."

Kompyuta iliyokuwa chini ya picha ilikuwa ndogo, ya rangi ya majivu, yenye kichakatuzi kimoja na feni iliyokohoa. Raya aliitazama, akaitazama picha, akajiambia kwamba bila shaka kuna kitu hajakielewa.

Kulikuwa na mtoto ndani ya nyumba ile, Tunu, binti wa miaka saba. Jioni ile alikuwa amekaa sakafuni akipanga vifungo vya sare kwa rangi.

"Tunu, niletee mkasi," mama yake alisema kutoka nyuma.

Mtoto akaendelea na vifungo.

"Tunu. Mkasi."

Hakugeuka. Bi Mashavu akainuka kuuchukua mwenyewe, akashusha pumzi. "Umemwona? Ana vyeti vitatu vya kusikia, na bado mkaidi. Mwalimu wake amemwandikia barua ya onyo."

Raya alichuchumaa, akamgusa bega. Tunu akageuka na kutabasamu, na macho yake yakashuka moja kwa moja kwenye midomo ya Raya, yakangoja hapo. Alikuwa hasikii kitu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Tunu alikuwa akisikia kwa kifaa kidogo cha sikioni, na alijifunza kusema vizuri kama watoto wengine. Miezi mitano iliyopita kifaa kilisahauliwa katika mfuko wa sare, kikafuliwa. Fundi alikikausha kikawa kizima, ila programu iliyokuwa ndani ilifutika. Mtengenezaji akatoa maandishi ya programu, na kila familia huyakompaili nyumbani kwake kulingana na sikio la mtoto wake. Kitabu cha serikali kilisema: vipimo sitini. Sitini mara dakika nne ni muda wa saa nne. Mara tatu Ofisi ya Makadirio ilikuja, mara tatu muda wa saa nne ulikwisha, mara tatu ofisi ilizima mashine na kutoa cheti kwamba Tunu anasikia.

"Na wewe, mama, unaonaje?" Raya aliuliza. "Anasikia?"

Bi Mashavu aliuzungusha mkasi mkononi.

"Naona hasikii," alisema hatimaye. "Lakini nikivisoma vile vyeti naona labda anasikia, hataki tu. Nimemchapa mara moja, Raya. Mara moja. Tangu siku ile sijui nini ni nini."

Ijumaa yake ilikuwa zamu ya nne. Mkadiria wa mtaa, Bwana Ngwali, mtu mrefu mkavu mwenye shati lililopigwa pasi hadi kola ikang'aa, alifika saa mbili asubuhi na ufunguo wake. Swichi ya kila kompyuta nchini imefungiwa katika kisanduku cha chuma, na kwa kazi yoyote inayozidi saa moja ufunguo ni wa ofisi. Hakuitazama kompyuta. Aliitazama picha, akaiinamia kidogo.

"Kipimo cha nyumba?"

"Dakika nne, Bwana Mkadiria."

"Kama kawaida yenu." Akawasha, kisha akafunika kioo kwa kitambaa cha kijani.

"Samahani," Raya alisema, "kwa nini unakifunika?"

"Binti, mtu anayejua jibu haichungulii kazi."

Saa sita kamili alikiondoa kitambaa. Raya aliwahi kusoma: faili mia tatu na kumi, kati ya elfu tatu na mia moja. Bwana Ngwali akazima, akafuta zilizokuwa zimekamilika, maana kazi iliyokwisha haina mabaki, akaandika cheti cha nne. Alimpa Tunu mkononi. "Hongera, sasa unasikia," akamwambia, na kwa kuwa mtoto hakujibu, akamwambia mama yake amfundishe adabu.

Jumapili Raya aliomba ruhusa ya kuikompaili Programu ya Kwanza kwenye ile mashine ya majivu. Hiyo ilikuwa kazi ndogo isiyohitaji ofisi. Alikaa mbele yake na saa yake ya mkononi, Tunu akiwa amemwegemea, wote wawili wakitazama kioo. Ilimaliza kwa dakika arobaini.

Alipiga hesabu mara tatu kwa sababu hakupenda anachokwenda kukisema. Arobaini mara sitini. Muda wa saa arobaini, si saa nne. Mashine haikuwa mbovu na programu haikuwa mbovu. Walikuwa wanaizima mwanzo mwanzo.

Bi Mashavu alimsikiliza hadi mwisho, akiwa amesimama.

"Kwa hiyo unaniambia nyumba ya marehemu baba yangu ni ya dakika arobaini."

"Hapana, mama. Kompyuta hii ndiyo ya dakika arobaini. Ile ya babu ilikuwa ya nne kweli."

"Nyumba ni moja."

"Ndiyo, lakini mashine..."

"Unajua mwenye arobaini anateka maji saa ngapi? Watu wanamaliza, wanaosha ndoo, wanakwenda zao, ndipo yeye anaitwa. Umekaa hapa siku sita, umekula wali wangu, sasa unanipima?"

Raya alilia, kwa kuwa hakuzoea kugombezwa na mtu anayempenda. Alikaa ukumbini na daftari lake, asijue kama amefanya vema au amevunja kitu kisichoungika. Bi Mashavu alishona hadi sare ya tatu. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Kesho Baraza la Makadirio linakaa. Utasema wewe. Mimi siwezi."

Raya, ambaye chuoni hakuwahi hata kunyoosha kidole darasani, akaitikia kwa kichwa.

Hakimu wa Baraza alikuwa Bi Kidawa, mama mzee mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mwingine wa kumtazama mtu. Raya alieleza kwa sauti iliyomlazimu hakimu kumwita mbele, na mbele zaidi, hadi akawa amesimama karibu kuigusa meza. Hoja ilipoeleweka, wataalamu wa Baraza wakaamka.

Wa kwanza alisema mambo ya vipimo yamepitwa na wakati, hesabu vichakatuzi. Kama kimoja kinatumia saa arobaini, basi arobaini vitatumia saa moja, na kwa hiyo Bi Mashavu aazime kompyuta arobaini, aziweke chumba kimoja.

"Zitasaidianaje?" aliuliza hakimu.

"Hilo ni la utekelezaji, Mheshimiwa. Mimi ni wa makadirio."

Wa pili alishikilia kwamba cha kutazama ni uzito, kwa kuwa mashine nzuri zote alizowahi kubeba zilikuwa nzito. Wa tatu, kijana wa tai nyekundu, alileta wastani. Alikuwa amejumlisha vipimo vya nyumba zote nchini na kugawanya. Jibu ni dakika tisa, na haki ni kila nyumba ihesabiwe tisa.

"Iko nyumba yenye tisa?" hakimu aliuliza.

"Hapana, Mheshimiwa. Ndiyo maana haimpendelei mtu."

Watu wakapiga makofi. Raya aliona kichwa kinamzunguka, kwa sababu kila hoja ilikuwa na kipande cha ukweli ndani yake, na kila kipande kilikuwa kimewekwa pasipo pake.

Bi Kidawa akabadilisha miwani. "Mgeni, kwenu mnajuaje?"

"Tunaipima mashine yenyewe, Mheshimiwa. Halafu tunaiacha imalize."

"Mnangoja?"

"Tunangoja."

Kicheko kilipita ukumbini. Mtu akasema, kwa huruma si kwa kejeli, kwamba maskini nchi yao ni ya watu wa kungoja.

"Na una hakika ni saa arobaini?"

Hapo ndipo Raya angeweza kusema ndiyo, mambo yakaisha. Alimwona Tunu amekaa na vyeti vinne mapajani, akitazama midomo ya kila mtu kwa zamu.

"Sina hakika," alisema. "Huenda ikawa thelathini na tano. Huenda ikafika hamsini. Faili nyingine ni nzito kuliko nyingine, na feni yake ikichoka mashine hupunguza mwendo. Najua tu kwamba si nne."

Bwana Ngwali akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa, mimi nina hakika. Nimekuwa na hakika kwa miaka kumi na tisa. Ofisi iache hakika yangu ifuate wasiwasi wa binti huyu?"

Bi Kidawa alisema kwa masikitiko kwamba Baraza haliwezi kuandika *huenda*. Alikuwa ameshika muhuri kuthibitisha dakika nne, Bi Mashavu aliposimama.

"Andikeni mia," alisema.

Hakimu akavua miwani yote miwili.

"Kipimo cha nyumba yangu ni dakika mia. Mwenye nyumba akitaja mwenyewe, ofisi haipingi. Ndiyo sheria, au siyo?"

"Ndiyo sheria. Lakini haijawahi kutokea mtu akataja zaidi. Bi Mashavu, mia hakuna. Mrefu kuliko wote nchini ana sabini, na yeye tunamwonea huruma."

"Basi atapata wa kumzidi." Akamshika Tunu bega. "Mia mara sitini, saa mia moja. Iachwe saa mia moja. Na ile picha njooni muichukue."

Walikuja kuichukua siku ile ile. Bwana Ngwali aliibeba mwenyewe, na inasemekana aliifuta vumbi kwa kitambaa chake cha kijani. Jumatatu hiyo hiyo saa sita mchana mashine ikawashwa. Jumanne asubuhi Bi Mashavu alikwenda bombani, akasimama na ndoo zake hadi watu wote wakateka. Jirani mmoja, Bi Shemsa, alimwuliza kwa sauti ya kusikika kama mia hiyo aliifikia kwa mguu. "Kwa mguu, shoga," Bi Mashavu alimjibu. "Ndiyo maana nimechelewa." Lakini alirudi nyumbani macho mekundu, na Raya akajifanya hakuona.

Jumatano saa moja asubuhi feni ilinyamaza. Raya akainua pembe ya kitambaa. Kioo kilisema *tayari*. Ilikuwa imetumia saa arobaini na tatu.

Bi Mashavu alikaa kwenye kiti mbele ya kioo. Zilibaki saa hamsini na saba. Kwa sheria, hadi Ijumaa saa kumi alasiri, kazi ilikuwa haijaisha na mtoto alikuwa hasikii. Aliwaza wee, mikono mapajani. Alifikiri juu ya jina la wizi, ambalo hata baba yake asingemtetea. Kisha akachukua kifaa, akampa Raya akiingizie programu ile, akakiweka mwenyewe sikioni mwa mtoto, polepole, kama anavyotia uzi kwenye sindano.

"Tunu," alisema kutoka nyuma yake.

Tunu aligeuka.

Mama alikuwa akimwita tu, mara hapa mara pale chumbani, na mtoto akigeuka kila mara, hadi wote wawili wakachoka kwa kucheka.

Saa kumi alasiri Bwana Ngwali alibisha hodi kwa ukaguzi wa kati. Hapakuwa na nafasi ya kukivua kifaa. Bi Mashavu alivuta tu nywele za mtoto kufunika sikio, akarudi kwenye cherehani, na cherehani ikawa inashona hewa. Raya alisimama mlangoni akiwa hajui aombe nini.

Bwana Ngwali alikagua kisanduku na kufuli lake. Kitambaa hakukigusa, lakini alisimama kidogo akisikiliza feni ambayo haikuwa ikiunguruma. Alifungua daftari.

"Zimebaki saa arobaini na nane," alisema.

"Ndiyo, Bwana Mkadiria."

Akaandika. Vumbi la vitambaa lilimwingia puani. Akageuza uso ukutani, pale palipokuwa na picha, akapiga chafya kubwa.

"Pole, babu," Tunu alisema kutoka sakafuni, bila kuinua macho kwenye vifungo vyake.

Cherehani ilisimama. Bwana Ngwali alibaki ameutazama ukuta mtupu. Kalamu yake iliganda juu ya karatasi kama kalamu ya mtu anayeulizwa swali ambalo miaka kumi na tisa hajawahi kuulizwa. Alitazama saa yake. Alimtazama mtoto. Alitazama tena saa.

"Hajasikia," alisoma kwa sauti kubwa, neno kwa neno, huku akiandika. "Kazi inaendelea." Akapiga muhuri, akafunga daftari, akavaa viatu vyake.

Pale mlangoni, Tunu alipomfuata kumsindikiza, aliinama, akijifanya anakaza kamba, hadi kichwa chake kikawa usawa na kichwa cha Tunu.

"Ahsante, mjukuu wangu," alinong'ona, akatoka.